Filamu inayosifiwa na kila mtu imenichosha: kosa ni la filamu, la televisheni au langu?

Swali la msomaji:

«Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, na burudani yangu kubwa ni kutazama filamu nyumbani baada ya zamu, watoto wakishalala. Nina daftari ambamo kila filamu ninayoimaliza naiandikia maoni na kuipa nyota kati ya moja na tano. Hivi karibuni nilitazama filamu ya vita ya karibu saa tatu ambayo kila mtu anaisifu. Niliiona ina giza, maneno ya waigizaji sikuyasikia vizuri, halafu milipuko ikawa inawaamsha watoto. Nyuso za watu zilikuwa nyororo na mwendo wao laini mno, kama tamthilia za televisheni. Niliitazama kwa siku mbili usiku kutoka kwenye flashi, kwa televisheni ya inchi 43 iliyo ukutani, mita tatu hivi kutoka kwenye kochi, na sauti inapitia kwenye sabufa. Pia kuna tukio la hospitali ambapo moyo wa mgonjwa umesimama, mstari kwenye mashine umenyooka kabisa, daktari anampiga shoti ya umeme naye anazinduka. Hapo nilikasirika. Niliipa nyota mbili. Kaka yangu, aliyeitazama ukumbini Nairobi, anasema sijui filamu na kwamba maoni ya mtu anayetazama sebuleni hayana uzito. Je, ni kweli? Na nitajuaje kama ubovu ni wa filamu, wa televisheni au wangu mwenyewe?»

Jibu:

Dada yangu, maoni yako yana uzito, na sikubaliani na kaka yako anapodai kwamba sebule humwondolea mtazamaji haki ya kuhukumu. Mimi ni mhariri wa filamu, na kazi tunazozikata na kuziunga kwa miezi mingi hatimaye huishia katika sebule kama yako. Tukisema kwamba watu wanaozitazama huko hawahesabiki, tutakuwa tumewakana watazamaji wetu wenyewe. Hata hivyo swali lako la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu malalamiko uliyoyaandika hayana asili moja. Mengine ni ya filamu yenyewe, mengine ni ya nakala na vyombo ulivyotumia, na moja, kwa ninavyokusoma, ni la mwili uliotoka zamu. Ukiyachanganya yote ndani ya nyota mbili, kaka yako atapata mahali pa kukushika hata pale ambapo wewe ndiye mwenye haki.

Nianze na zile nyuso nyororo na ule mwendo laini, kwa kuwa hapo sina shaka kubwa. Filamu za sinema, tangu zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, hupigwa na kuonyeshwa kwa kawaida ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, na jicho letu limezoea kuutambua mwendo huo, wenye ukungu kidogo kila kitu kinapokwenda kasi, kuwa ndio mwendo wa sinema. Tamthilia nyingi za televisheni zilipigwa kwa picha 50 au 60 kwa sekunde, ndiyo maana mwendo wake ni laini. Televisheni nyingi za sasa zina uwezo wa kubuni fremu mpya na kuzipachika katikati ya zile 24, fremu ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzipiga, ili mpira wa miguu uonekane vizuri. Kwa mpira ni jambo jema. Kwa filamu ni uharibifu, kwani mwigizaji aliyepigwa picha kwa uangalifu mkubwa anaanza kuonekana kama mtu aliyerekodiwa studioni kwa haraka. Walio kwenye kazi hii wamelipigia kelele jambo hili hadharani: Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi wakiwasihi watu wazime mpangilio huo nyumbani, na mwaka 2019 muungano wa kampuni za televisheni na studio uitwao UHD Alliance ulitangaza mpangilio maalumu wa kutazamia filamu unaouzima wenyewe. Katika televisheni yako ingia kwenye mipangilio ya picha utafute mahali palipoandikwa neno «Motion», kwa kuwa kampuni nyingi huliweka neno hilo katika jina la kifaa chao hiki, kisha uzime. Ukiwa hapo hapo, punguza pia kile kinachodai kuondoa chembechembe za picha, maana ndicho kinachoipaka ngozi ya mwigizaji ulaini wa plastiki.

Suala la giza lina dhana moja potofu ambayo ningependa kuiondoa. Watu wengi hudhani kwamba picha ya nyumbani ni ya giza kwa sababu televisheni haina mwanga wa kutosha ikilinganishwa na ukumbi wa sinema. Ukweli ni kinyume chake. Kiwango kilichowekwa kwa skrini ya sinema ni mwanga wa takriban nits 48 tu (nits ni kipimo cha mwangaza wa skrini), wakati televisheni ya kawaida hufikia 250 au zaidi. Kinachoifanya picha ya ukumbini ionekane wazi hadi kwenye pembe zake za giza ni kwamba ukumbi wenyewe umezimwa taa, jicho limejifungua, na hakuna kinachong'aa juu ya skrini. Sebuleni taa ya bomba iko darini, inajiangaza juu ya kioo, nalo jicho linajirekebisha kulingana na taa hiyo badala ya picha. Zima taa, au ubakize moja ndogo nyuma ya televisheni isiyojiakisi kwenye kioo, na giza la filamu litaanza kuwa na watu ndani yake.

Baada ya taa, angalia aina ya picha iliyochaguliwa. Televisheni nyingi zilizokaa dukani huwekwa katika mpangilio wa rangi kali na weupe unaoelekea bluu, ili zishindane na zile zilizo pembeni yake. Mpangilio huo huongeza tofauti kati ya mwanga na kivuli hadi vivuli vinamezwa. Chagua ule ulioandikwa «Cinema», «Movie» au «Filmmaker». Siku mbili za kwanza utauona wa manjano na uliopooza, kwa sababu umezoea ule mkali, vumilia.

Kisha kuna nakala yenyewe, na hapa lazima niwe mkweli kwako. Ukumbi wa sinema wa kidijitali huruhusiwa kupeleka hadi megabiti 250 za picha kwa sekunde. Netflix hushauri mtazamaji awe na intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa juu wa kawaida. Filamu ya saa tatu iliyobanwa hadi ikawa gigabaiti moja kwenye flashi inapata chini ya megabiti moja kwa sekunde. Programu inayobana picha hutafuta mahali pa kupunguza, na mahali pa kwanza inapopunguza ni kwenye vivuli, kwa kuwa hudhani jicho halitaona. Ndiyo maana matukio ya usiku hugeuka vipande vyeusi vya mraba vinavyotambaa. Bonyeza faili lako uone ukubwa wake. Kama ni gigabaiti moja au pungufu, basi ile filamu ya vita hukupata nafasi ya kuiona, na sentensi «picha ina giza» haipaswi kubaki katika daftari kama hukumu dhidi ya mpiga picha wake.

Sisemi hivyo ili kuwatetea watengenezaji kila wakati. Aprili 2019, kipindi kimoja cha vita ya usiku katika mfululizo wa Game of Thrones kililalamikiwa na watazamaji wengi kwamba hakionekani, na mpiga picha wake, Fabian Wagner, akajibu kwamba watu wengi hawajui kurekebisha televisheni zao. Alikuwa na hoja, kama nilivyokueleza hapo juu. Lakini kazi ile ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni tangu mwanzo, na anayeandaa kitu cha kutazamwa sebuleni ana wajibu wa kuifikiria sebule. Ukikutana na kazi ya namna hiyo, umeirekebisha televisheni, umezima taa, nakala ni nzuri, na bado huoni, andika bila hofu kwamba haionekani.

Sauti nayo ina maelezo yake, na pengine ndiyo iliyokunyang'anya filamu kuliko giza. Sauti ya filamu kubwa mara nyingi huchanganywa kwa angalau njia sita: spika tatu mbele, mbili pembeni au nyuma, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote huwekwa kwenye spika ya katikati. Nyumbani huna spika ya katikati. Una televisheni yenye spika ndogo zinazoelekea chini au ukutani, na sabufa ambayo imeundwa kwa ajili ya besi ya muziki. Chombo kikishindwa kuichanganya ile njia ya katikati ndani ya kushoto na kulia kama inavyotakiwa, maneno huzama na milipuko hubaki. Ndipo mtu anaongeza sauti ili asikie mnong'ono, na dakika inayofuata kombora linawaamsha watoto. Katika mipangilio ya sauti chagua «Stereo», punguza besi ya sabufa kwa kiasi kikubwa, na kama kuna mpangilio wa usiku uwashe, kwa kuwa kazi yake ni kusogeza sauti za juu na za chini zikaribiane. Njia nyepesi kuliko zote ni kuvaa spika za masikioni. Najua zinakutenga na nyumba, na mama mwenye watoto waliolala hapendi kutengwa na nyumba, kwa hiyo hata sikio moja likibaki wazi si vibaya.

Sehemu nyingine ya hukumu yako inahusu uchovu na urefu. Umeitazama kwa siku mbili, usiku, baada ya zamu. Hapa nazungumza kama mhariri. Inasimuliwa kwamba katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov aliunga uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usiobadilika, na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke, na watazamaji wakaona katika uso huo njaa, huzuni na tamaa. Kazi yangu yote imejengwa juu ya jambo hilo: picha moja hupata maana kutokana na zile zilizotangulia, na zilizotangulia lazima ziwe bado hai kichwani mwa mtazamaji. Tukio ambalo mhariri alilichelewesha makusudi, kwa kuwa dakika arobaini kabla alikuonyesha barua ambayo haijafunguliwa, linakuwa tukio la watu wawili wanaokaa kimya ikiwa barua hiyo uliiona jana kabla ya kupitiwa na usingizi. Kwa hiyo usione ajabu kwamba nusu ya pili ilikuelemea. Hili si kosa lako wala si la filamu, na ndilo jambo pekee ambalo kaka yako alikuwa nalo na wewe hukuwa nalo: saa tatu zisizokatizwa. Kama zamu haikuruhusu, tenga filamu ndefu kwa siku ya mapumziko na uziachie usiku wa kazi filamu za dakika tisini.

Pia sogea karibu. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa takriban sentimita 95, na kutoka mita tatu inachukua nyuzi 18 tu za upeo wa macho yako, wakati wataalamu wa sinema hupendekeza nyuzi 30 hivi. Ili kuzifikia nyuzi hizo ungekaa chini ya mita mbili. Tuliambiwa utotoni kwamba kukaa karibu na televisheni huharibu macho. Kunaweza kuyachosha, lakini hakumpofushi mtu mzima. Kwa hesabu hiyohiyo, simu iliyoshikwa sentimita thelathini kutoka usoni, ikiwa na spika za masikioni, huweza kukupa picha inayojaza macho zaidi ya televisheni iliyo mbali. Tatizo la simu ni ujumbe unaoingia kila dakika, na shingo inayoinama kwa saa tatu.

Nimefika kwenye tukio la hospitali, na hapa niko upande wako. Wewe unajua, na wasomaji wengine wafahamu, kwamba shoti ya umeme hutumika kuurudisha kwenye mpigo sahihi moyo unaotetemeka bila mpangilio. Mstari ukiwa umenyooka kabisa hakuna mtetemeko wa kusahihisha, na kinachofanyika ni kukandamiza kifua na kutoa adrenalini. Filamu nyingi sana hukosea hapo. Kaka yako atasema kwamba ni filamu tu, na mara nyingi watu huwaambia hivyo wauguzi, mabaharia, wanasheria na kila mtu aliyekuta kazi yake imechezewa kwenye skrini. Siafiki. Mtazamaji anayeijua kazi ni shahidi ambaye wengine hatuna, na maoni yake katika eneo hilo yana uzito kuliko yangu. Ninachokuomba ni kuupima uzito wa kosa lenyewe. Kama mgonjwa yule ni mpita njia katika hadithi, andika kosa na uendelee. Kama hadithi nzima imeegemea kuzinduka kwake, na filamu inakutaka uamini muujiza ambao waandishi wameupata kwa kutokujua, basi kosa limeingia kwenye nguzo, na nyota ikishuka imeshuka kwa haki.

Kuna jambo la matoleo pia, kwa kuwa unatazama nakala za kwenye flashi na watu wawili huweza kubishania jina moja huku wakiwa wametazama kazi mbili. Filamu ya Sergio Leone ya 1984, Once Upon a Time in America, ilikuwa na dakika 229 katika toleo lake refu. Marekani ilitolewa ikiwa na dakika 139, matukio yakiwa yamepangwa upya, na mhakiki Roger Ebert aliyeyaona matoleo yote mawili akalipa refu nyota nne na fupi nyota moja. Sholay ya 1975, ambayo wazee wetu wa pwani waliipenda mno, ilibadilishiwa mwisho kwa matakwa ya bodi ya udhibiti ya India, hivyo aliyeona ule mwisho wa awali na aliyeona wa ukumbini hawakutoka na hisia moja kuhusu kisasi. Hata kasi hubadilika: filamu za fremu 24 zilipohamishiwa kwenye mfumo wa televisheni wa PAL uliotumika kwetu zilikuwa zikiendeshwa kwa fremu 25, na filamu ya dakika 120 ikaisha kwa dakika 115. Nawe ukitazama nakala iliyoingizwa sauti na msimulizi, kama zile za Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya au VJ Jingo Uganda, unatazama sanaa mbili kwa pamoja. Naiheshimu sana sanaa hiyo. Lakini msimulizi hufunika muziki, hufunika ukimya, na mara nyingine hukupa hadithi yake, kwa hiyo andika jina lake kando ya jina la filamu.

Nifanyeje basi na zile nyota mbili, utauliza. Ushauri wangu ni kwamba usizifute kwa sababu kaka yako amekasirika, wala usizing'ang'anie kabla ya kurudi. Rekebisha televisheni kama nilivyoeleza, tafuta nakala bora kwa njia ya halali hata kama ni kwa kuikodisha mtandaoni siku ya bando nzuri (kwa megabiti 5 kwa sekunde, filamu ya saa tatu itakula karibu gigabaiti 7), kisha tazama dakika ishirini za mwanzo na tukio moja la usiku. Ukiona kwamba kweli ni kitu kingine, itazame yote siku ya mapumziko na uandike upya chini ya maoni ya kwanza, bila kuyakata yale ya zamani. Ukiona ni ileile, imetosha. Maisha ni mafupi na filamu ni nyingi. Tangu sasa andika maoni yako kabla ya kusikiliza ya mtu mwingine yeyote, na juu ya ukurasa weka mstari mmoja unaosema uliitazama wapi, nakala gani, kwa mfululizo au kwa vipande, ukiwa na hali gani. Tofautisha pia «sikuipenda» na «imetengenezwa vibaya», kwa maana ya kwanza haihitaji kuthibitishwa kwa mtu, na ya pili inahitaji mfano kutoka kwenye filamu yenyewe, kama ule wa mstari ulionyooka.

Kama unapata nafasi ya kwenda ukumbini mara moja moja, nenda, hasa kwa filamu za mandhari kubwa. Najua kwamba miji yetu mingi haina ukumbi tena, na hata ulipo, taa ya projekta huweza kuwa imechoka na jirani yako akawa na simu mkononi. Sikushauri ununue televisheni mpya kwa sababu ya filamu moja. Kama umepita kwenye mipangilio yote na bado picha ina madoa meusi, mistari, au upande mmoja hafifu kuliko mwingine, mwite fundi aangalie taa za nyuma za skrini kabla hujaamua kuinunua nyingine.

Mwisho kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyatatua kwa maandishi. Ikiwa baada ya kutumia spika za masikioni bado hushiki mazungumzo, au unaanza kuwaomba wagonjwa na wenzako warudie walichosema, kapime masikio; uko hospitalini tayari, na zamu ndefu kati ya mashine zinazolia isiwe sababu ya kuahirisha. Ikiwa kichwa kinauma kila unapotazama, au mmoja wa watoto hujisogeza hadi kwenye kioo cha televisheni ili aone, nenda au umpeleke kwa mtaalamu wa macho, kwani kinachomsogeza mtoto huenda ni kutoona mbali. Na kama kuna yeyote nyumbani aliyewahi kupata degedege au kifafa, zungumza na daktari wake kabla ya kumwachia filamu zenye mwanga unaomweka kwa kasi, kama ile milipuko ya filamu yako ya vita.